Farasi Mwenye Maradhi ya Homoni: Nafasi ya Mitishamba na Mipaka Yake



Katika miji yetu ya pwani farasi ni mnyama adimu. Mizigo ya Lamu na Pate hubebwa na punda, na sehemu nyingi za bara zilikuwa kwa karne nyingi na mbung'o, nzi aenezaye ugonjwa wa nagana ambao huwaua farasi. Hata hivyo nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu zina jamaa Maskati, Dubai, Nairobi na Uingereza, na miongoni mwa jamaa hao wamo wanaomiliki farasi au walioajiriwa kuwatunza. Farasi wao anapozeeka akabaki na manyoya marefu mwaka mzima, au shingo yake ikajaa mafuta, au akaanza kuchechemea bila jeraha, si ajabu simu ikapigwa huku kwa mama au kwa bibi: tuletee uwatu, mdalasini na habasoda, tuambie wazee walikuwa wakitumia nini.

Ombi hilo ni la heshima, kwani linakiri kwamba mama wa pwani ana elimu ya mimea. Lakini lina hatari yake. Mnyama huyu hawezi kusema panapomuuma, na maradhi yenyewe huiharibu miguu yake polepole huku mwenyewe akingojea mbegu na mizizi ifanye kazi. Dini yetu imetufundisha kwamba mnyama asiye na ulimi ana haki juu ya anayemmiliki. Haki hiyo haitimii kwa nia njema peke yake, yataka ujuzi.

Makala hii inaeleza maradhi haya ni yapi, mitishamba inayosifiwa ina ukweli kiasi gani, na chakula kina kazi gani. Neno la kushika tangu mwanzo ni hili: katika maradhi haya lishe ni tiba kubwa, ila sehemu kubwa ya tiba hiyo ni kile anachoondolewa mnyama. Mitishamba huja nyuma kabisa ya safu.

Maradhi mawili yanayochanganywa

La kwanza ni la uzee. Chini ya ubongo wa farasi, kama ulivyo wetu, pana tezi ndogo iitwayo pituitari. Sehemu yake moja huzuiwa isizidishe kazi na kemikali iitwayo dopamini, itokayo katika neva za ubongo. Neva hizo zikichakaa kwa umri, kizuizi hulegea. Tezi hunenepa na kumwaga homoni kupita kiasi, mojawapo ikiwa ile iitwayo ACTH. Zamani ugonjwa huu uliitwa ugonjwa wa Cushing, kwa jina la tabibu wa Marekani aliyeeleza maradhi yanayofanana nao kwa binadamu. Leo madaktari wa wanyama huuita PPID. Huwapata zaidi farasi waliofikisha miaka 15 na kuendelea, na uchunguzi uliofanywa Australia ulikuta kwamba takriban farasi mmoja kati ya watano wa umri huo anao.

Dalili yake mashuhuri ni manyoya marefu yasiyopukutika wakati wa joto. Pamoja nayo huja kukonda kwa misuli ya mgongo, tumbo kuning'inia, jasho lisilo na sababu, kunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara, uchovu, na vidonda au maambukizi yanayorudi kila yanapopona. Mwenye farasi husema tu, "Amezeeka," na hapo ndipo ugonjwa hupata nafasi.

La pili halingoji uzee. Mwaka 2002 Philip Johnson, daktari wa wanyama wa Marekani, alipendekeza lipewe jina lake rasmi, ambalo kwa kifupi ni EMS. Hili ni tatizo la insulini, homoni inayotoka katika kongosho na kuingiza sukari ndani ya seli za mwili. Farasi mwenye EMS huitikia chakula cha sukari na wanga kwa kumwaga insulini nyingi kupindukia. Mara nyingi huwa mnene, ana tuta la mafuta juu ya shingo na mafungu ya mafuta nyuma ya mabega na karibu na mkia. Farasi wadogo waitwao poni wamo hatarini zaidi, na farasi wa Kiarabu nao wamo katika kundi la wanaoshukiwa mapema.

Farasi mmoja aweza kuwa na maradhi yote mawili kwa wakati mmoja, na tiba zake si moja. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupimwa damu: ACTH kwa ugonjwa wa kwanza, insulini kwa wa pili. Dawa ya duka lolote, iwe ya kizungu au ya kienyeji, haifai kutangulia kipimo hicho.

Kwa nini kwato

Maradhi haya mawili hukutana katika jambo moja la kuogofya, nalo ni uvimbe wa ndani ya kwato. Mfupa wa mwisho wa mguu wa farasi haukukanyaga chini ya kwato kama mtu akanyagavyo sakafu. Umening'inizwa ndani ya kwato kwa nyuzi laini zinazoushika kwenye ukuta wa kwato, na uzito wote wa mnyama hubebwa hapo. Nyuzi hizo zikivimba na kulegea, mfupa huanza kugeuka na kushuka. Maumivu yake ni makali mno, na mwisho wake mara nyingi ni daktari kushauri mnyama apumzishwe asiteseke.

Kwa miaka mingi watu walidhani kinachodhuru ni sukari kuwa nyingi katika damu. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichapisha jaribio lililobadilisha fikra hiyo. Waliwatia poni wenye afya insulini nyingi katika mishipa huku wakihakikisha sukari yao haishuki. Ndani ya saa 72 poni wote waliotiwa insulini walikuwa wamepata uvimbe wa kwato. Kumbe insulini yenyewe ikizidi hudhuru.

Jambo hili lina maana kubwa kwa anayetafuta mitishamba. Sisi binadamu tumezoea kusema mmea fulani "unashusha sukari", na tunaufikiria kwa jicho la kisukari chetu. Farasi mwenye EMS kwa kawaida sukari yake ya damu iko sawa; kongosho lake ndilo linalofanya kazi mara kadhaa zaidi ya kawaida ili iwe sawa. Kumpa mmea wa kushusha sukari ni kumtibu ugonjwa asio nao. Vivyo hivyo vidonge vya kisukari vya bibi visipelekwe zizini: metformini, inayotumiwa sana na watu, huingia mwilini mwa farasi kwa kiasi kidogo sana ikimezwa.

Dalili za kwato ziangaliwe kila siku. Farasi hukataa kugeuka, hutembea kama aliyekanyaga mawe ya moto, huegemea nyuma na kuitanguliza miguu ya mbele ili uzito uende kwenye visigino, na kwato huwa na joto zikiguswa. Hayo yakionekana, daktari aitwe siku hiyo hiyo.

Elimu ya zamani ya tabibu wa farasi

Waislamu wa zamani waliiheshimu sana elimu ya kutibu farasi. Waliiita baitara. Baghdadi ya karne ya 9 ilikuwa na Ibn Akhi Hizam, aliyetumikia katika mazizi ya Khalifa na kuandika juu ya upandaji na utabibu wa farasi. Ibn al-Awwam wa Seville, aliyeishi karne ya 12, aliingiza mlango wa farasi katika kitabu chake kikubwa cha kilimo. Misri ya karne ya 14 ilikuwa na Abu Bakr ibn al-Mundhir, msimamizi wa mazizi ya Sultani al-Nasir Muhammad ibn Qalawun, ambaye kitabu chake kiligusa ufugaji, umbo, kasoro na maradhi ya farasi.

Watu hao walitumia mimea, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dawa ya zama zao. Hawakuwa na kipimo cha homoni wala hawakujua kuna tezi ya pituitari inayochakaa. Anayetaka kuwafuata leo awafuate katika bidii ya kuchunguza, na asitumie majina yao kuuzia chupa ya majani.

Kafu Mariamu: jina moja, mimea miwili

Mtishamba unaouzwa zaidi Ulaya na Marekani kwa farasi wenye PPID ni tunda la kichaka ambacho wataalamu wa mimea hukiita Vitex agnus-castus. Kichaka hiki humea pembezoni mwa Bahari ya Mediterania, na tunda lake dogo, gumu, linafanana na pilipili manga. Kwa karne nyingi limetumiwa na wanawake kwa matatizo ya hedhi. Sababu ya kulihusisha na farasi ina mantiki: ndani yake mna viambato vinavyogusa vipokezi vya dopamini, na dopamini ndiyo iliyopungua kwa farasi mgonjwa.

Mantiki nzuri hutaka ushahidi. Mwaka 2002 madaktari wa Pennsylvania, Marekani, walieleza matokeo ya farasi 14 wenye PPID waliopewa dondoo ya tunda hili. Haikuwafaa. Wengi wa wale waliohamishiwa baadaye kwenye dawa ya hospitali ndio waliopata nafuu. Wapo wafugaji wanaosema farasi wao walipukutisha manyoya baada ya kupewa tunda hili, na hatuna haja ya kuwaita waongo. Lakini manyoya kupukutika si ushahidi kwamba ACTH imeshuka au insulini imetulia, na kinachoua ni hivyo viwili vya ndani.

Tena kuna hila ya majira. Katika nchi za kaskazini ACTH ya farasi hupanda kila mwaka inapokaribia vuli, hata kwa mzima, kisha hushuka. Manyoya ya baridi nayo hupukutika yenyewe joto linaporudi. Mtu aliyeanza kumpa farasi majani wakati wa vuli, akamtazama baada ya miezi sita, ataona mabadiliko. Atayasifu majani kwa kazi iliyofanywa na kalenda. Ndiyo sababu daktari mwangalifu hulinganisha kipimo na majira ya mwaka.

Kwa wasomaji wetu kuna hatari nyingine ya majina. Waarabu wa baadhi ya nchi huliita tunda hili kafu Mariamu. Jina hilo hilo, katika Bara Arabu, hupewa mmea mwingine kabisa: ule mkavu uliojikunja kama ngumi, unaofumbuka ukitiwa majini, ambao wanawake huufahamu kwa mambo ya uzazi. Mimea hiyo miwili haina udugu wala kazi moja. Anayeombwa "kafu Mariamu ya farasi" na jamaa aliye ng'ambo anaweza kununua kitu ambacho hakuna aliyekikusudia.

Huku kwetu pia tuna mti wa jamaa hiyo ya Vitex. Ni mfudu, ambao matunda yake meusi, fudu, watoto wa Kilifi huyala kwa furaha. Udugu wa miti si udugu wa dawa. Fudu ni tunda la kuliwa, na hakuna msingi wa kulipeleka kwa farasi mgonjwa badala ya lile la Mediterania.

Viungo vya jikoni mwetu

Tuje sasa kwenye kapu la mama.

*Uwatu.* Hapa kuna habari ya kupendeza. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza waliwapa farasi chakula chenye ladha mbalimbali ili waone wanapendelea ipi. Uwatu ndio uliotangulia, ukafuatwa na ndizi, na katika orodha ya ladha nane bora zimo pia bizari nyembamba, karoti na nanaa. Hii ni faida ya kweli, kwa kuwa dawa ya PPID mara nyingi humpunguzia farasi hamu ya kula siku za mwanzo. Kijiko cha uwatu uliosagwa chaweza kumrudisha kwenye ndoo ya chakula na kuficha ladha ya vidonge. Huo ni msaada wa hamu, usichukuliwe kuwa tiba ya homoni, na farasi mwenye mimba asipewe bila ya daktari kuulizwa.

*Mdalasini.* Huuzwa kwa wingi katika mchanganyiko wa farasi wanene kwa kudaiwa kuwa huirekebisha insulini. Ushahidi wake kwa farasi ni dhaifu, na mdalasini wa kawaida wa madukani una kumarini, kiambato kinachoweza kulidhuru ini kikizidi. Madini ya kromiamu na magnesiamu, yauzwayo kwa dai hilo hilo, yalijaribiwa kwa wiki 16 kwa farasi 12 wanene waliowahi kuugua kwato. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 hayakuonyesha unene kupungua wala insulini kutengemaa.

*Kitunguu saumu.* Wengi hudhani hakina dhara. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kikizidi na kutolewa kwa muda mrefu huharibu chembe nyekundu za damu ya farasi na kumletea upungufu wa damu.

*Urukususu.* Mzizi huu mtamu ndio wa kuepukwa zaidi. Kwa binadamu inajulikana kwamba huzuia kimeng'enya kinachoipunguza nguvu kotisoli na hupoteza potasiamu mwilini. Mnyama ambaye maradhi yake yako katika njia hiyo hiyo ya homoni hahitaji kuongezewa mzigo.

*Habasoda na manjano.* Vina heshima yake mezani petu. Kwa maradhi haya mawili ya farasi havina ushahidi wa kutegemewa, na heshima ya kitu si ruhusa ya kukitumia mahali popote.

Na kwa yeyote mwenye mnyama nyuma ya nyumba: majani ya mparachichi yasitupwe zizini. Ni sumu kwa farasi na punda.

Lishe yenyewe: kinachoondolewa

Sasa twaingia kwenye tiba ya chakula yenye nguvu. Kwa farasi mwenye EMS, kazi ya kwanza ni kuondoa vyakula vinavyochochea insulini: nafaka kama shayiri na mahindi, molasi, mkate mkavu, matufaha na karoti za zawadi, na malisho mabichi yaliyostawi. Katika nchi za Ghuba kuna jambo moja zaidi. Kumpa farasi tende ni desturi ya ukarimu ya tangu zamani. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wa tende ni sukari. Farasi wa mbio za jangwani aliyekonda aliweza kuihimili. Farasi mnene asimamaye bandani siku nzima hawezi. Mkono uliozoea kumpa tende na ujifunze kumpa mnyweo wa maji safi na kumkwangua shingo.

Chakula chake kikuu kiwe nyasi kavu ambazo sukari na wanga wake kwa pamoja hauzidi asilimia 10. Maabara za malisho huweza kupima. Kiasi hupimwa kwa mizani, kwa kuwa jicho hudanganya: farasi anayepunguzwa unene huanzishiwa nyasi kavu za takriban asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku. Farasi wa Kiarabu wa kilo 400 atapata kilo 6, zikigawanywa mara kadhaa ili tumbo lisikae tupu muda mrefu. Kumkatia chakula ghafla ni kosa, kwani humletea madhara mengine.

Kuloweka nyasi kwa dakika 30 hadi 60 hupunguza sukari iliyomo. Maji hayo yamwagwe, mnyama asiyanywe. Kwenye joto kama la Maskati au Mombasa nyasi zilizolowekwa huchacha upesi, basi zitolewe mara tu zinapochujwa maji. Kwa kuwa maji huondoka na madini pia, mnyama aongezewe madini na vitamini kwa mizani ya daktari, pamoja na chumvi.

Kama kwato hazina uvimbe, mazoezi ya kila siku ni dawa. Zikiwa na uvimbe, asilazimishwe hata hatua moja.

Farasi mwenye PPID aliyekonda hutaka hesabu nyingine. Yeye anahitaji protini nzuri kwa misuli na nguvu itokayo kwenye mafuta na nyuzinyuzi, ilhali sukari bado inabaki ya kuogopwa iwapo insulini yake iko juu. Meno yake yakaguliwe, kwani mzee asiyeweza kutafuna hukonda mbele ya hori lililojaa. Apunguzwe manyoya wakati wa joto, na minyoo ipimwe kwa kinyesi. Mambo haya hayana harufu nzuri kama ya uwatu, lakini ndiyo yanayorefusha maisha.

Dawa ya hospitali na mikono ya mwanamke

Dawa iliyothibitishwa kwa PPID ni pergolaidi, ambayo huigiza kazi ya dopamini. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa farasi mwaka 2011. Hutolewa kwa kinywa kila siku, maisha yote ya mnyama, na kipimo hurekebishwa kufuatana na vipimo vya damu. Haiponyi uzee wa neva, ila huzuia madhara yake, na farasi wengi huishi nayo miaka ya raha.

Kwa kuwa tunda la kafu Mariamu la Mediterania nalo hudaiwa kugusa vipokezi hivyo hivyo, lisichanganywe na pergolaidi bila ya daktari kujua. Na mwenye farasi wa mashindano afahamu kwamba pergolaidi imekatazwa katika mashindano ya kimataifa ya farasi.

Hapa tungependa dada na mama wasome kwa makini. Katika nyumba nyingi wanaoandaa ndoo ya chakula ni wanawake au wafanyakazi wa kike. Pergolaidi hushusha homoni ya prolaktini, inayohusika na maziwa ya mama. Vidonge visipondwe, kwa sababu vumbi lake huweza kumwingia anayeandaa. Mwenye mimba na anayenyonyesha ajiepushe na kazi hiyo, au avae glavu na kunawa mikono. Vidonge vifungiwe mbali na watoto, na ndoo ya dawa isitumiwe kwa jambo jingine. Vilevile mwenye mimba asijaribu tunda lile la Vitex kwa kuwa tu liko ndani ya gunia la farasi na limeandikwa kuwa ni la asili.

Punda wetu

Yote haya si ya wenye farasi peke yao. Punda wa Lamu, ambao hospitali yao imekuwako kisiwani tangu 1987, ni jamaa wa farasi, nao hupata PPID, matatizo ya insulini na uvimbe wa kwato. Punda aliumbwa kuishi kwa majani makavu yasiyo na nguvu nyingi. Akilishwa pumba, mabaki ya wali na maganda matamu huku kazi imepungua, hujenga tuta la shingo kama farasi wa tajiri.

Lakini punda ana hatari yake mahususi ambayo kila nyumba inayofuga yapasa kuijua. Punda mnene asiachwe na njaa ili akonde. Akikosa kula hata kwa siku moja au mbili, kwa kunyimwa, kwa ugonjwa au kwa huzuni ya kutenganishwa na mwenzake, mwili hutoa mafuta kwa wingi na kuyajaza katika damu. Ini na figo hushindwa, na wengi hufa. Majike wenye mimba na wanaonyonyesha ndio walio hatarini zaidi. Kwa hiyo punda aliyeinamisha kichwa na kukataa chakula si mkaidi wala mvivu. Ni mgonjwa wa dharura, na apelekwe kwa daktari kabla ya kutafutiwa majani ya kumnywesha.

La kumjibu jamaa aliye mbali

Simu ikija kutoka Maskati au Uingereza kuomba dawa ya kienyeji ya farasi, mama wa pwani ana majibu yenye faida kuliko kifurushi. Aulize: Je, damu imepimwa, na ni kipimo gani kilichokuwa juu, ACTH au insulini? Nyasi zinapimwa kwa mizani? Nani anampa tende na mkate kila ajapo kumtazama? Kwato zimeshikwa leo kuona kama zina joto? Daktari anajua kila unga na kila mbegu inayotiwa katika ndoo yake?

Baada ya majibu hayo, uwatu na utumwe, ukiwa safi na kwa kiasi kidogo, kwa ajili ya mgonjwa asiye na hamu ya kula. Huko ndiko mahali pake palipo halali. Mjuzi wa mimea huheshimika kwa kujua mmea unafika wapi na unakoma wapi, na mnyama asiyeweza kushtaki hustahili kuhudumiwa kwa ujuzi huo.

Allah atujaalie huruma kwa vilivyo chini ya mikono yetu. Amin.